Jinzi Kwenye Kioo

Miaka ishirini na sita nimekagua vitambaa katika karakana ile ya kushona sare, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama naona vizuri. Mwaka huu macho yameanza kunigomea, basi swali hilo likawa ndiyo salamu ya kila mtu.

Meneja, niliyemfundisha mwenyewe kutofautisha pamba na nailoni, aliniita ofisini. Akasema, kwa upole wa kuudhi, kwamba sampuli hazitaletwa tena kwa lori. Kiwandani watalaza kitambaa kwenye mashine yao, na sisi huku tutakigusa kwenye kioo kinachotetemeka chini ya kidole mpaka unahisi nyuzi zenyewe. Injinia wa kioo atanipima kwa vitambaa vitatu. Nikikosea hata kimoja, kiti changu nikiache. Binti yangu akanisihi nikubali yaishe, nikapumzike nyumbani. Nikapumzike nimefanya nini? Nilikasirika mpaka chai ikanishinda.

Jumatatu asubuhi wakajaa kunitazama. Injinia hata shikamoo hakunipa, alinielekeza kioo tu. Nikapiga moyo konde, nikaweka kidole. Cha kwanza nikasema flana, ikawa flana. Cha pili satini, tena ya bei rahisi. Meneja akacheka kidogo.

Cha tatu kilinitoa jasho. Vijistari vya mshazari nilivihisi vizuri, ila vilipanda kuelekea kushoto. Nikarudia mara tatu, huku najua wapo wanaongoja nijikoroge.

"Ni jinzi," nikasema, "lakini mmeigeuza. Huu ni upande wa ndani."

Injinia akatabasamu lile tabasamu la kumhurumia bibi. Akaeleza kwamba mashine haikosei, huenda vidole vyangu vimechoka. Nikamkata jicho, hilo bado naliweza. Mwenyewe alikuwa kavaa jinzi, nikamwambia apinde suruali yake, atazame nje kisha atazame ndani. Akainama. Nje vijistari vilipanda kulia, ndani vikapanda kushoto. Akabaki ameinama palepale.

Meneja akapiga simu kiwandani, sote tukisikiliza. Tukasikia hatua za mtu, mlango, halafu mguno. Ni kweli, kitambaa kilikuwa kimelazwa kifudifudi tangu asubuhi, na wateja wanne walishakigusa kwenye vioo vyao wakakisifia.

Karakana nzima ikapiga makofi, hata wapiga pasi wakaacha pasi zao. Mimi nililia, sifichi. Furaha ilinijaa, nikarudi kukaa kwenye kiti changu.

Injinia akanifuata mezani. Safari hii alianza na shikamoo, ndipo akauliza kama naweza kumfundisha kugusa.

"Marahaba," nikamjibu. "Katafute kiti, mwanangu. Hiki kina mwenyewe."