Kuku wa Saa Kumi na Mbili

Bendeji ilikuwa imekwisha kuzunguka kiwiko cha muuza maua mara tatu, na mshonaji alikuwa akiizungusha mara ya nne, pale muuza maua aliposema jambo dogo ambalo wengine darasani hata hawakulitegea sikio. Alikuwa akilalamikia nguo zake. Aliziacha kwenye mashine ya kufulia asubuhi, akarudi mchana kuzikuta zimelala katika maji machafu, zinanuka kama soksi za kikosi kizima. Umeme mtaani kwao ulikatika saa mbili asubuhi, haukurudi mpaka saa tisa.

Mkono wa mshonaji ukasimama.

"Mtaani kwenu wapi?" aliuliza, ingawa alijua. Darasa likiisha walikuwa wakirudi pamoja kwa miguu, na kilichotenganisha milango yao ni duka la dawa na kona moja.

"Kwetu sisi, mwenzangu. Kwangu na kwako." Muuza maua akautazama mkono wake. "Mbona unanibana hivyo? Hicho ni kiwiko, si kola."

Wote walijua habari ya kola. Katika karakana ya sare za shule alikofanya kazi, kila mshonaji alipewa kiungo kimoja cha nguo, na yeye kiungo chake kilikuwa shingo. Kola mia moja na themanini kwa siku. Mikono na mifuko aliwaachia wengine. Kengele ya kutoka ikilia, hakuelekea nyumbani. Jioni tatu kwa wiki alikwenda moja kwa moja kwenye darasa la wauguzi wasaidizi, akiwa bado na vipande vya nyuzi kwenye sweta, kwa sababu alikuwa amejiapia kwamba hatazeeka akishona shingo za shati ambazo hajawahi kuona zikivaliwa.

Sasa, mama asiyekuwepo jioni anailishaje familia? Swali hilo lilimkosesha usingizi mpaka alipopata chungu cha umeme. Kilikuwa chungu kizito cha udongo uliong'arishwa, kimekaa ndani ya kikombe cha bati chenye kitufe kimoja na taa moja nyekundu, basi. Saa moja asubuhi unatia nyama, unafunika, unazungusha kitufe, unakwenda zako. Chungu kinapika polepole kutwa nzima bila kuuliza mtu. Na wanawe walipoanza kudeka wakitaka kuku wa dukani, yule anayeuzwa kwenye maboksi meupe, anayeng'aa kwa asali na sosi ya soya, mama mtu hakubishana nao. Alinunua boksi moja, akalionja kama mpelelezi, kisha akajaribu nyumbani wiki baada ya wiki. Vitunguu saumu vitano, si vitatu. Tangawizi ya kusaga, siki kijiko kimoja. Wanga wa mahindi unakorogwa mwishoni ili rojo ishike. Ufuta juu, kwa maringo. Hata maboksi aliyaosha na kuyaanika, baba yao awapakulie humo, watoto wafunue kifuniko na kuona mvuke ukipanda. "Mwendo wa polepole ndio unaofika," alikuwa akisema kila asubuhi akizungusha kitufe, na kila asubuhi alitoka nyumbani akiwa na hakika kwamba kwa leo amemshinda adui.

Adui mwenyewe alikuwa amekaa jikoni kutwa.

Alihesabu haraka. Saa moja alitia kuku. Saa mbili umeme ukakatika, nyama ikiwa ndiyo kwanza imepata joto la maji ya kuogea. Kuanzia hapo mpaka saa tisa ilikaa vuguvugu ndani ya udongo ule mzito unaotunza joto kama mama kuku. Kisha umeme ukarudi, na kwa kuwa kitufe kilikuwa palepale alipokiacha, taa nyekundu ikawaka, rojo ikachemka, harufu ya asali ikajaa nyumba, na chungu kikaonekana hakina hatia. Nani angejua? Watoto walikuwa shuleni. Mumewe, fundi wa lifti, alikuwa kazini ndani ya jengo refu upande wa pili wa mji.

Na wiki iliyopita tu, mwalimu wao, muuguzi mstaafu waliyemwita Sista, aliwafundisha habari hiyo hiyo. Vijidudu hupenda uvuguvugu. Vikizaliana huacha sumu, na sumu nyingine ukichemsha chakula baadaye unajisumbua; wadudu wanakufa, sumu inabaki imekaa mkao wa kula. Mshonaji aliandika maneno hayo daftarini na kuyapigia mstari.

Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi na mbili kasoro dakika nane. Nyumbani kwake watu walikula saa kumi na mbili kamili.

Alimpigia mumewe simu pale pale darasani, jambo lililokatazwa. Iliita mpaka ikakata. Akapiga tena. Hapo ndipo alipokumbuka simu ya mumewe ilikokuwa. Ilikuwa kwenye droo ya vijiko. Yeye mwenyewe ndiye aliyeitunga sheria ile: chakula kikianza kupakuliwa, simu inaingia droo, na haitoki mpaka boksi la mwisho liwe tupu. Kwa kuwa mimi sipo, alimwambia mumewe siku ile, angalau wewe uwepo wote. Aliisema kwa upole, na akajisifu moyoni kwa kuisema.

Jirani wa mlango wa pili alikuwa zamu ya jioni. Hapakuwa na mwingine wa kugonga.

Sista alikuwa amekwisha kusimama mbele yake. Alisikiliza maelezo, nusu yake yakiwa pumzi tu, na hakumwambia asiogope.

"Nenda," alisema. "Kama hawajala, mwaga. Kama wamekula, usile wewe. Umenisikia, mwanangu? Nyumba inahitaji mtu mmoja aliyesimama. Sumu hii ikija huja mapema, baada ya muda wa saa moja, mbili, hata sita. Wakitapika, maji yenye chumvi na sukari, kidogo kidogo. Ukiona damu, au mtoto amelegea, hospitali. Usinipigie kwanza."

Alikimbia. Mtu akikimbia barabarani na viatu vya kazi watu humpisha, wakidhani anafukuza gari. Yeye alikuwa akifukuza vijiko. Kila alipovuka mtaa alikiona kijiko kimoja kikipanda kwenda kinywani. Cha binti yake wa miaka mitano, waliyempa jina la Kifungo kwa udogo wake siku aliyozaliwa, ambaye hula rojo kwanza na nyama baadaye. Cha kaka yake wa miaka tisa, aitwaye Mzee, kwa kuwa hata akiomba maji huomba kama anayefungua kikao. Alipiga simu akikimbia. Iliita. Ndani yake sauti ilirudia jambo moja: nimewapikia kwa mikono yangu, kwa mikono yangu hii.

Mlango ulikuwa wazi. Harufu ya asali na tangawizi ilimpokea kwenye ngazi, tamu kuliko siku zote.

Walikuwa wamekula. Maboksi mawili matupu, la tatu limebaki rojo, la nne limefunikwa katikati ya meza kwa ajili yake. Mumewe aliinua uso, akitabasamu kwa mshangao wa kumwona mapema. Kifungo aliruka kutoka kitini, sosi imemfika viwikoni, akamkimbilia na kipande cha paja mkononi.

"Mama, hiki nilikuwekea. Fumbua mdomo."

Kipande kilikuwa kimekaribia midomo yake. Kwa muda wa kupepesa jicho alitamani kukila. Alitamani kukila na kila kilichobaki chunguni, awe upande mmoja nao, lolote litakalowapata limpate. Kisha alikikamata kile kiganja kidogo, kwa nguvu kuliko alivyokusudia, na kipande kikaanguka sakafuni. Mtoto alimtazama, midomo ikaanza kucheza, akalia kilio cha mtu aliyetukanwa.

Jikoni, mlango umeegeshwa, alimweleza mumewe kwa kunong'ona. Alimweleza umeme, saa saba za uvuguvugu, sumu isiyochemshika. Uso wa mumewe, uliozoea kutazama nyaya bila kushtuka, ulibadilika kidogo tu, pembeni mwa macho.

"Kifungo ameongeza mara mbili," alisema.

"Na wewe?"

"Mimi ndiye niliyemwongezea, nikajiongezea na mimi."

Alimwomba wasiwaambie watoto. Hofu inaweza kumuumiza mtu tumbo bila sumu yoyote, alisema, na hilo pia lilikuwa daftarini. Wangewalaza mapema na kuwatazama. Lakini alipokuwa akisema alijua kwamba sehemu ya sababu ilikuwa aibu. Tangu aanze masomo, hakuwahi kuwaacha wanawe waone mahali ambapo maisha yao yameunganishwa. Alikuwa hodari wa kuficha mshono.

Mumewe alikuwa akifuta mikono kwa kitambaa, kidole baada ya kidole. "Watu wakikwama kwenye lifti," alisema, "wageni kazini huwaambia inakuja, inakuja. Basi wanapiga kelele, wanapanda mabegani. Mimi nawaambia ukweli: kamba imeshika, sijui itachukua muda gani, niko hapa juu yenu. Wanakaa chini. Mke wangu, hawaogopi lile giza. Wanaogopa kutoambiwa."

Basi akawaambia. Alipiga magoti sebuleni ili macho yawe sawa na macho, akasema chakula cha leo kimekaa vibaya kwa sababu umeme ulikatika na yeye hakujua, na kwamba huenda kikawaumiza, huenda kisiwaumize. Yeyote atakayesikia kichefuchefu aseme, hata kama ni kidogo. Sauti ilimtetemeka, akaiacha itetemeke.

Kifungo, machozi yamemkauka mashavuni, aliuliza kama kesho hataenda shule. Mzee alikuwa akiitazama droo ya jikoni kwa mbali.

"Ulikuwa wewe," alisema hatimaye. "Ilikuwa inanguruma mle ndani. Baba alitaka kuipokea. Mimi nikamkumbusha sheria."

Mshonaji aliiona hatia ikimshukia mtoto mabegani, koti la mtu mzima lililomzidi mikono. Hofu yote aliyokimbia nayo njiani haikumchoma kama ile.

"Sheria ni yangu mimi," alimwambia. "Niliitunga mimi, kuku nilimpika mimi. Wewe ulikuwa mwaminifu tu. Ningekuwa hapa ningekusifu."

Mzee alifikiri. "Ungekuwa hapa usingepiga simu," alisema, na baba yake akacheka kicheko kifupi kilichokwama njiani.

Walishusha magodoro yote sebuleni. Mshonaji alipanga mabeseni na mataulo, akachemsha maji, akapima chumvi na sukari kwa kijiko na kukisawazisha juu kwa kisu, kama alivyofundishwa, akishukuru kwamba kuna kitu ambacho mikono yake ingali inakijua. Chungu alikichomoa na kukimwaga bila kukitazama. Saa moja ikapita. Mumewe alilala chali na kutangaza kwamba mwenye tumbo kubwa ndiye atakayeanza, kwa hiyo wote wamtazame yeye. Kifungo akaweka sikio kwenye kitovu cha baba yake na kutoa taarifa kila baada ya dakika chache. Kuna maji. Kuna paka. Sasa kimya. Kila taarifa mama mtu aliimeza kama kidonge. Alitazama midomo yao kama imepauka. Aligusa vipaji vya nyuso zao, kisha chake, kisha akasahau kipi kilikuwa na joto. Kifungo alipofumba macho hakujua kama ni usingizi au kulegea, akamwamsha, akanuniwa, akashukuru kwa kununiwa.

Saa mbili kasorobo Mzee alisimama. Alikwenda chooni, akafunga mlango, na komeo likalia.

Mumewe aliinua kichwa. Wakatazamana. Mshonaji alikuwa amekwisha kufika kwenye ule mlango, viganja juu ya mbao, sikio likitafuta sauti ya kukohoa, ya kugugumia, ya mtoto anayejaribu kutapika kimya asimtie mama yake hofu. Maana Mzee angeweza kufanya hivyo, ndivyo alivyo. Hakusikia kitu. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko njia yote aliyokimbia.

Ndipo sauti nyembamba ikaanza ndani, bila haraka, ya mtu aliyejiketia peke yake.

"Saba mara sita, arobaini na mbili. Saba mara saba, arobaini na tisa. Saba mara nane."

Ikasimama.

"Saba mara nane," ikarudia, kwa udhaifu zaidi, au ndivyo alivyosikia yeye. Alisubiri. Aliegemeza paji la uso mlangoni. Nyuma yake mumewe alikuwa amekaa kitako, mkono mmoja juu ya mgongo wa Kifungo.

"Hamsini na sita," alisema mshonaji kwenye ubao wa mlango, taratibu.

"Nilikuwa najua, Mama."

"Najua ulikuwa unajua."

"Saba mara tisa," ikaendelea sauti, na mshonaji akateleza chini akakaa sakafuni, mgongo mlangoni, akingoja jibu.