Kiganja Tumboni

Hukma alikikamata kikohozi kooni kama mwizi anavyomkamata kuku wa jirani: haraka, asilie. Wachonga mawe wote walikuwa wameketi chini ya turubai, ukingoni mwa machimbo, macho wameyafumba. Nyuma yao mkandarasi Tejsingh alitafuna tambuu akisikiliza vifua. Sheria yake ilijulikana: anayekohoa leo, kesho haitwi kazini.

"Vuteni pumzi mpaka tumboni," alisema dada Ishani wa mjini, sauti laini kama samli. Yalikuwa majaribio ya shirika lake, ya kutuliza nafsi. Machimbo haya yafundishwe kupumua kila asubuhi, ya ng'ambo ya barabara yaachwe hivyo hivyo, kisha wapime nani kachangamka zaidi.

"Wa ng'ambo wamesamehewa," Pema, mchonga mawe aliyeketi kando ya Hukma, alinong'ona. "Sisi tunalishwa vumbi kwa mpangilio."

Hukma hakucheka, kwani kwake kicheko ndicho kinachokifungulia kikohozi mlango. Alikuwa na ujanja wake: mabega juu, mabega chini, hewa haiingii hata kijiko.

Ishani alipopita karibu, Hukma alimuuliza chinichini, "Dada, kwenu hakuna wa kupima kifua?"

"Sisi tunashughulikia hisia, kaka. Moyo unajisikiaje?"

"Moyo hauna neno, dada. Mgonjwa ni jirani yake."

Ishani akatabasamu, akawageukia wengine. "Mtazameni kaka Hukma alivyotulia! Njoo mbele utuongoze. Weka kiganja tumboni, tukione kikipanda."

Tejsingh akaacha kutafuna.

Kiganja cha tumboni hakidanganywi na mabega. Hukma akavuta. Mawe yote aliyopata kuyachonga yakamwamkia kifuani kwa pamoja. Alipomaliza kukohoa alikuwa amepiga magoti, na ncha ya kilemba chake ina doa lililoyashinda mawe kwa wekundu.

"Vizuri sana," Ishani alisema kwa upole. "Iache itoke. Hiyo ni huzuni."

Kesho yake Tejsingh aliita majina ya watu wa kazi, akamruka Hukma.

"Na mimi, tajiri?"

"Si umefundishwa kutulia? Nenda nyumbani katulie." Akatema tambuu. "Gavri! Mke wa Hukma! Chukua nyundo ya mumeo."

Gavri aliipokea bila kumtazama mumewe, akaenda kuketi chini ya turubai, mahali pale pale alipokuwa akiketi Hukma.

"Vuteni," alisema Ishani.

Hukma alisimama juani akimwangalia mkewe. Kiganja cha Gavri kilipanda juu, juu kabisa, bila shida yoyote, na vumbi jekundu lililokuwa likielea mbele ya uso wake likaingia lote.