Kichwa Chini ya Mbavu

Mkunga aliwaona kupitia dirisha la kliniki kabla wao hawajamwona. Mtalaka wake alikuwa kwenye benchi la nje, kapakata mkoba wa mke wake mpya. Kando yake alikaa mama yake, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Sheria, kwa kuwa hakukuwa na jambo asilolitolea hukumu.

Mke huyo mpya, mjamzito, alikuwa zamu yake kuingia; angeweza kumwachia mwenzake wa chumba cha pili. Hakumwachia. Siku hii alikuwa ameiombea miaka mingi, tena si kwa sala njema.

Alipokuwa mke wa nyumba ile, mtoto wake alikaa tumboni kichwa juu, hakugeuka. Mama Sheria alimpapasa tumbo kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni, akahukumu: "Mtoto huyu anaona haya kuja kwetu, maana si wetu. Ukoo wetu wote tumetanguliza kichwa." Uchungu ulipoanza akakataza gari lisiitwe. Mume aliinamisha uso, akamtii mama yake. Mtoto alitanguliza matako, kichwa kikakwama, na hakulia kamwe. Kabla maziwa hayajamkauka kifuani, mama wa mtoto alikwisha kupewa talaka.

Akaenda kusomea ukunga. Watu walisema anatafuta faraja. Alikuwa ananoa kisu.

"Panda kitandani, mdogo wangu," alimwambia yule binti. "Legeza tumbo."

Akasugua viganja vipate joto, akaanza kupapasa. Chini, juu ya nyonga, mikono ilikuta kitu laini, kipana. Juu, chini ya mbavu, ikakuta kitu kigumu cha mviringo. Alipokigusa kando kilicheza peke yake. Kichwa. Akasikiliza moyo wa mtoto. Ulikuwa unapiga vizuri, lakini juu ya kitovu.

Mkono wake ukabaki palepale. Neno moja tu lingetosha: *yuko sawa*. Wangerudi nyumbani wakiwa wametulia, na Mama Sheria angemzika mjukuu mwingine. Neno hilo lilimfika ulimini, akaionja ladha yake.

"Dada," binti alinong'ona, "kama amekaa vibaya, usimwambie mama mkwe. Anasema mke wa kwanza mtoto wake hakugeuka kwa sababu alikuwa wa nje. Mimi nitapona wapi?"

Mkunga alimeza lile neno. Hapana. Kisu kile hakikunolewa kwa ajili ya shingo hii.

"Mtoto ametanguliza matako. Wengine hukaa hivyo bila sababu yoyote, na hakuna ulichokosea. Lakini hutazalia nyumbani. Leo hii unakwenda hospitali kubwa, waangalie kama atageuzika au utapasuliwa. Sasa niambie, niwaeleze mwenyewe, mbele ya wote walioko nje?"

Binti alimkazia macho, akaanza kuelewa anazungumza na nani. "Waeleze, dada. Kwa sauti."

Mkunga akafungua mlango. Benchi lote likageuka. Mtalaka wake aliinuka nusu, akaganda hivyohivyo na mkoba wake.

"Kumbe ni wewe!" alisema Mama Sheria. "Umekosa pa kutulia?"

"Nimetulia, mama. Nina swali la kazi tu. Mkaza mwana wako mtoto kamkaa matako mbele, na mambo haya mara nyingine hurithiwa, hata kwa baba. Mwanao huyu alizaliwaje?"

"Kwa kichwa, kama watu!"

"Wifi yako aliyempokea huja hapa kupima presha. Ndiye aliyenieleza, baada ya mimi kufukuzwa. Anasema alitoka matako kwanza, na wewe ulipiga kelele mpaka jirani wakavunja mlango. Nimwite umuulize mwenyewe?"

Mama Sheria aligeuka kutazama njiani, kana kwamba wifi yake anakuja. Mjamzito mmoja mwishoni mwa benchi aliguna, "Makubwa!"

"Mama?" alisema mwanawe. "Mama, ulijua?"

"Mwanangu, hayo ni mambo ya wanawake…"

"Yule mtoto alikuwa wangu." Akamgeukia mkunga. "Nisa—"

"Usinimalizie muda," mkunga alimkata. "Msamaha wangu usiutafute hapa, haupo. Tafuta gari. Mkeo anakwenda hospitali."

Alikwenda mbio. Gari lilipofika, alimpandisha mkewe, na Mama Sheria aliposogea mlangoni akamzuia kwa mkono.

"Wewe baki."

Akabaki barazani, kashika kanga yake, akitazama vumbi la gari. Aliporudi kwenye benchi, wanawake hawakusogea wala hawakumpisha nafasi.

Mkunga alimtazama kupitia dirisha mpaka aliporidhika. Alikuwa amedhani siku hii angelia. Badala yake alijikuta ana njaa, njaa nzuri ya mtu aliyemaliza kulima.

"Anayefuata!" akaita.