Nyundo ya Chui, Msumari wa Mbuzi

Mimi Paulin nilikuwa fundi wa karakana ya reli, Elisabethville, na hasira zangu zilijulikana hadi Naviundu. Lakini mwaka ule wa sitini na moja wazee wawili walinishinda.

Symphorien na Mwansa walikwenda kupigana na Wajerumani huko Tabora wakiwa vijana, na kila mmoja alibaki na bunduki yake kuukuu ya aina ya Albini. Sasa sikukuu ya Julai, ya uhuru wa jimbo letu, ilikaribia, na askari wa zamani walialikwa kuandamana na kupiga baruti ya heshima. Sajini wa gwaride alisema wazi kwamba ambaye bunduki yake hailii atasimama pembeni na watazamaji. Symphorien alinilalamikia kuwa akisimama pembeni, wajukuu wake wataamini Tabora alikwenda kuuza karanga.

Bunduki yake haikuwa na msumari wa kugonga risasi. Ya Mwansa ilikuwa na msumari, ila nyundo yake, kile chuma kinachoupiga msumari huo, ilivunjika zamani. Nilizunguka mji mzima nikichokoa vyuma chakavu, nisipate kitu. Basi nikakosea: nilimwambia kila mmoja kwamba anachokitafuta kiko kwa mwenzake, nikidhani watakaa waelewane.

Nilisahau kuwa Symphorien ni wa ukoo wa chui na Mwansa wa ukoo wa mbuzi. Hao ni banungwe, watani wa jadi. Mmoja akichukua cha mwenzake, aliyechukuliwa hucheka tu, hana pa kushtaki. Jumapili, Symphorien akiwa misa ya kwanza, Mwansa aliingia kwake akang'oa nyundo. Mwansa alipokwenda misa ya pili, Symphorien naye akapita kwake akang'oa msumari.

Mchana wakanijia wote wawili, kila mmoja ameshika alichoiba na amepoteza alichokuwa nacho. Nilifoka, kisha nikacheka hadi nikakaa chini. Nikafunga vyote kwenye bunduki ya Symphorien, kwa sababu mtutu wake haukuwa na kutu, nikawaachia wagombane wenyewe.

Siku ya sikukuu walikuja wameibeba bunduki hiyo pamoja, huyu kitako, yule mtutu. Sajini akauliza ni ya nani, maana ataandika jina moja tu la atakayeandamana nayo.

"Iko ya huyu mbuzi," Symphorien akasema. "Mi nilimwibia."

"Anadanganya," Mwansa akasema. "Iko ya chui. Mi njo mwizi, hapana yeye."

Sajini akawatazama, akaandika majina yote mawili. Baruti ilipolia, wajukuu wa Symphorien walikuwa mbele kabisa wakipiga kelele za furaha, na mimi, mtu wa hasira, nililia bila aibu.