Vistari Kumi na Tisa

Mstari ulitoka mnyoofu. Faustino Oloya aliutazama kwa muda mrefu, penseli ingali mkononi, kisha akaisogeza karatasi ya miraba karibu na dirisha kana kwamba mwanga ungeukunja. Haukukunjika. Ulianza tarehe tisa Februari, ukapita Machi, ukavuka mvua zote za Aprili na Mei, ukafika mwisho wa Julai bila kupanda wala kushuka.

Kila nukta ya mstari ule ilikuwa siku moja katika kituo kidogo cha maji alichokisimamia, na ilisema kiasi cha klorini kilichobaki ndani ya maji yalipokuwa yakitoka kituoni kwenda mitaa ya Katwe na Mengo ya chini. Sifuri nukta tano leo, sifuri nukta tano kesho. Sasa maji, jamani, yana ukaidi wake. Mvua ikinyesha huchafuka na kuimaliza dawa, jua likiwaka hutulia, mtambo ukikorofisha huyumba. Maji yasiyobadilika kwa siku mia moja sabini na nne ni maji ya kwenye karatasi tu.

Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa usajili wa wahandisi, upande wa maji na usafi wa mazingira, upande ambao wenzake wa madaraja na barabara waliuita kwa kicheko uhandisi wa vyoo. Kanuni za maji ndani ya mabomba alikuwa amezikariri hata akiwa anaoga. Ukubwa wa matangi ya kutulizia tope aliweza kuukokotoa kichwani. Mtihani wa maandishi ulikuwa umepita salama. Ilibaki ripoti ya kazi yake mwenyewe, ambayo ilitakiwa ifike kwa watahini Ijumaa saa sita mchana, ikiwa na sahihi ya mhandisi aliyesajiliwa, kisha maswali ya ana kwa ana.

Alikuwa na kiu ya usajili ule, na hakuona haya kukiri. Bila usajili sahihi yake haikusimama yenyewe. Kila barua aliiandika kwa niaba ya Mhandisi Okeny, mkuu wake, na Mhandisi Okeny alikuwa hajaonekana tangu mwisho wa Februari, siku watu wawili wenye miwani myeusi walipomwita kwa jina mlangoni mwa kituo wakamtia garini. Miezi mitano Oloya alikuwa akitia sahihi kwa niaba ya mtu ambaye mkewe hakujua kama avae nguo za rangi au za msiba.

Akachukua kifutio. Akafuta nukta moja ya Aprili, akaishusha kidogo. Akafuta nyingine, akaipandisha.

"Baba Aber, unafanya nini?"

Ajok, mkewe, alikuwa amesimama nyuma yake na sufuria ya maji aliyoiepua kwenye jiko la mkaa. Alikuwa muuguzi katika zahanati moja ndogo ya Katwe, na jicho lake lilizoea kusoma chati za homa.

"Narekebisha grafu."

"Unarekebisha, au unaipaka mafuta?" Aliweka sufuria sakafuni, akaifunika. "Wiki hii tumepokea watoto kumi na wanne wenye homa ya matumbo. Wawili hawakurudi nyumbani. Mama zao wananiuliza maji ya bomba yana nini, nami nawaambia mume wangu yuko huko, maji ni mazuri."

Oloya alipuliza vumbi la kifutio juu ya karatasi.

"Nataka uniambie kitu kimoja tu," Ajok alisema, bila kupandisha sauti. "Kama ni mazuri, kwa nini mimi hapa nachemsha?"

Oloya mwenyewe ndiye aliyemwambia achemshe, mwezi wa Februari, siku ile ile klorini ilipokwisha ghalani na hakuna aliyeleta nyingine. Alijua, basi. Alijua tangu mwanzo. Lakini kujua kitu na kukiona kimechorwa ni mambo mawili, na mazoea yana ulaini wake: mtu huandika uongo mara ya kwanza kwa kutetemeka, mara ya kumi kwa kupiga miayo.

Jumatatu alifika kituoni mapema, akamkuta Mzee Tarcisio, mtu wa zamu, akifuta pampu kwa tambara. Kitabu cha zamu kilikuwa wazi mezani. Tarakimu ya siku ile ilikuwa imekwisha kuandikwa, na saa mbili, saa ya kupima, ilikuwa bado.

"Mzee, umepima saa ngapi?"

"Injinia, nipime nini? Dawa kwisha tangu mwezi ya pili." Tarcisio alicheka kidogo bila furaha. "Mimi naangalia ile ya jana, naandika ile ile."

Oloya alifungua kabati. Chupa ya matone ya kupimia ilikuwa mahali pake, imejaa hadi shingoni, vumbi begani. Akakinga maji ya bomba kwenye kioo, akadondosha matone, akasubiri. Klorini ikiwamo, hata kidogo, maji hugeuka manjano. Yalibaki meupe. Wote wawili waliyatazama kama watu waliosimama mbele ya jeneza.

"Kama nikisema?" Oloya aliuliza.

Uso wa mzee ukasawijika. "Injinia, nakuomba. Ule Meja, mkubwa mpya ya shirika ya maji, alisema nafasi bila namba ni kazi ya maadui. Mimi alinipiga hapa, nikalala ndani siku mbili. Wakiuliza nani aliandika, watasema mkono ya Tarcisio."

"Si wako peke yako, mzee."

Alisema hivyo, kisha akarudisha kurasa nyuma hadi Februari, mahali ambapo kwa miezi mitano alikuwa amejizuia kupatazama. Mhandisi Okeny hakuwa mtu wa maneno mengi. Klorini ilipokwisha alichora kistari kifupi katika nafasi ya tarakimu, kwa kalamu yake ya wino, na kesho yake kingine, na kingine tena. Mkuu mpya wa shirika, meja yule aliyetolewa jeshini, alipokuja kukagua alivitazama akapiga kelele, akaamuru kila nafasi ijazwe. Okeny aliitikia kwa adabu, na asubuhi yake akachora kistari kingine. Vistari kumi na tisa. Baada ya kile cha kumi na tisa ndipo gari lilipokuja.

Na jioni ile ile Oloya aliketi na kitabu. Alijiambia kwamba anamwokoa: huko aliko, wakimhoji, watakuta kitabu safi. Kwa hiyo akachukua bolpeni yake ya buluu na kukigeuza kila kistari kuwa kofia ya tarakimu 5. Mguu mfupi chini yake, tumbo la duara, sifuri na nukta mbele. Kazi ya robo saa. Okeny hakurudi, na neno pekee aliloacha duniani juu ya maji yale lilikuwa limefunikwa na mwanafunzi wake mwenyewe, kwa upendo na kwa woga, na hata leo Oloya asingeweza kusema kipi kilizidi. Alikaa kwenye kiti cha zamu akalia, mbele ya Tarcisio, wala hakujificha.

Jumatano alipanda Mengo na kitabu kile ndani ya mfuko wa kitenge. Mhandisi Oketch, Mkenya wa Kisumu, alikuwa mmoja wa wahandisi wachache waliosajiliwa waliosalia mjini, naye alikuwa amekwisha kufunga safari. Mambo kati ya nchi yake na hii yalikuwa yameharibika, Wakenya walikuwa wakiondoka kila siku. Mkewe Nasike alikuwa ametangulia Busia, mpakani. Sebuleni palibaki viti viwili na masanduku.

Oketch alisoma ripoti akiwa amesimama. Alipofika kwenye grafu alicheka.

"Omera, ndugu yangu, huu mstari umeupiga kwa rula?"

"Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Basi utikise. Weka nne hapa, sita pale, mvua ya Aprili ishushe mpaka tatu. Mimi natia sahihi, watakupitisha, utapata muhuri. Ukishakuwa na muhuri ndiyo utadai dawa. Leo ukipiga kelele, nani atasikia? Wewe leo ni msaidizi wa mtu asiyekuwapo."

Halikuwa neno la kipumbavu, na ndiyo maana lilikuwa zito. Oloya alikuwa amejiambia hivyo hivyo Jumapili, kifutio mkononi. Lakini la kuvunda halina ubani, na kati ya leo na siku ya muhuri palikuwa na watoto wangapi? Hakujua kubishana na mtu aliyemzidi umri na elimu. Alifungua tu kitabu, akakiweka juu ya sanduku, dirishani.

"Tazama zile tano, kaka. Tazama kofia zake."

Oketch alivaa miwani akainama. Kofia za tano zilikuwa za wino mweusi, zimetawanyika kidogo kwenye karatasi kama wino unavyofanya. Miguu na matumbo yalikuwa ya buluu. Alipitisha kidole kutoka ya kwanza hadi ya kumi na tisa. Yeye na Okeny walikuwa wamesoma pamoja, wakala chakula cha bweni moja.

"Hii ni kalamu ya Okeny," alisema.

"Hiyo juu ni yake. Ya chini ni yangu."

Oketch alikaa kwenye sanduku. Nje mtu alikuwa akigonga bati, akaacha, akaanza tena. Mwisho Oketch akauliza, "Utaandika nini?"

"Dawa haikuwapo tangu tarehe tisa Februari. Na kwamba tarakimu zote za uongo ziliandikwa kwa amri yangu. Mzee wa zamu simtaji."

"Na Ajok? Na mtoto?"

"Ajok ndiye aliyeniuliza kwanza."

Oketch alitoa kalamu. Hakutia sahihi upesi. Aliurudia ukurasa wa kwanza, akausoma tena, ndipo akatia. "Usiipeleke kabla ya Ijumaa saa tano na nusu," alisema. "Wakati huo nitakuwa nimevuka mpaka. Mimi si shujaa, Omera. Usije ukaniita shujaa."

Ijumaa Oloya aliketi kwenye ngazi za ofisi ya watahini, bahasha magotini, akitazama saa. Saa tano na nusu ilipotimia aliinuka akaikabidhi. Siku zilizofuata alilala na viatu karibu na kitanda. Kila gari lililopunguza mwendo chini ya magorofa ya Bugolobi, walikokaa, lilimsimamisha, na Ajok alimshika mkono. Aliogopa sana. Lakini kitabu cha zamu sasa alikijaza mwenyewe, kwa vistari.

Jumanne ya wiki ya pili aliitwa. Chumba kilikuwa huko huko Mengo, chini ya kilima, madirisha wazi kwa sababu ya joto. Watahini walikuwa watatu, na mbele yao jagi la maji na glasi. Wa kushoto, mnene, alikuwa akijifuta jasho. Akajimiminia, akanywa, akajimiminia tena. Waliuliza juu ya matangi ya kutulizia tope, akajibu. Waliuliza juu ya mabomba, akajibu vizuri. Ndipo mwenyekiti, mzee wa mvi, alipofungua ripoti ukurasa wa grafu, mahali ambapo sasa hapakuwa na mstari wowote.

"Safu hii ya klorini ni tupu," alisema polepole, akimtazama usoni. "Nadhani mpiga taipu alisahau."

Mlango ulikuwa umefunguliwa, na Oloya aliuona. Ilitosha kuitikia kwa kichwa.

"Hapana, mzee. Mpiga taipu hakusahau. Dawa haipo. Tarakimu zilizokuwa kitabuni niliziandika mimi, nazo ni uongo."

Mwenyekiti alikuwa ameshika glasi yake, bado haijafika kinywani.

"Kituo chako kinahudumia wapi?"

"Katwe, mzee. Na Mengo hii ya chini. Bomba linapita nyuma ya jengo hili."

Mwenyekiti aliirudisha glasi mezani, akaisukuma mbali kwa ncha ya kidole. Wa kulia akainuka kufunga dirisha, kisha la pili. Wa kushoto hakusogea. Alikuwa akitazama glasi yake, iliyokuwa tupu mara ya pili.

"Tangu lini?" aliuliza, na sauti yake haikuwa tena ya mtu anayesahihisha mtihani.