Tulipu Ndani ya Deli la Samaki

Mama Prudencia hajawahi kushindwa na mmea, na ukikaa naye dakika tano atakueleza mwenyewe. Kwao Muleba walilima migomba na kahawa. Hapa Igogo, kwenye uwanja usiotosha kuanika mashuka mawili, ana migomba sita. Mimi ni jirani yake Bernadeta, muuza miche wa barabarani. Meza yangu imeng'olewa na mgambo mara tatu, na mafuriko yamenibebea miche mara mbili. Kushindwa nakujua kwa jina la ukoo.

Mwezi wa kumi alinipigia kelele juu ya ukuta.

"Bernadeta! Njoo uone nilicholetewa na mkwe wangu!"

Vilikuwa vitunguu ishirini kwenye mfuko wa karatasi. Kumbe ni vya maua. Prudencia, bintiye wa pekee, ameolewa Norwei, na harusi ilifungwa huko huko mama yake akiwa hapa, maana kibali cha kusafiri alinyimwa. Sasa mama wa bwana harusi, anaitwa Gunvor, alikuwa amechimbua tulipu za bustani yake mwenyewe na kuzituma. Mwezi wa pili angekuja kukaa siku tatu tu, na alitamani kuzikuta zimechanua.

"Harusini sikuonekana," Mama Prudencia aliniambia, na safari hii hakuwa anajisifu. "Watu wa kule wananijua kwa picha. Haya maua yakikataa, Bernadeta, atarudi kusema amekuta mwanamke asiyejua hata kupanda."

Nikamwuliza yanapandwaje. Akanisomea maelezo ya Prudencia: pandeni majira majani yanapopukutika, baridi iyashike wiki kumi na nne, ndipo yatatoa maua.

"Igogo majani yanapukutika mbuzi wakipita," nikasema. "Na baridi tutaitoa wapi, tumkodi mtu?"

"Kuna friji langu."

"Friji lako linapoza siku umeme ukiamka vizuri."

Ndipo tukaenda kwa Evelina, muuza samaki wa mtaa wa pili. Evelina ana deli kubwa, sanduku lake la kuhifadhia baridi, na kila asubuhi hulijaza barafu mpya hata kama mbingu zimeanguka. Tulifunga vitunguu kwa magazeti, tukaviweka ndani ya ndoo yenye mfuniko, ndoo ikakaa pembeni ya sato.

"Miaka yote samaki wangu hukutana na vitunguu jikoni," Evelina alilalamika. "Safari hii wameanza uchumba mapema."

Katikati ya mwezi wa kwanza tulivitoa. Vilikuwa vimeanza kuchungulia kwa ncha nyeupe. Tukavipanda kwenye viriba vyangu, mifuko myeusi ya miche, na Mama Prudencia akataka kuongeza samadi kama ya mgomba. Nilimshika mkono. Majani yakatoka upesi, kisha vichwa vya maua, kijani, vimefumba kama ngumi ya mtoto mchanga.

Hapo ndipo tulipokosea, na nasema tulikosea kwa sababu nilikuwepo. Mama Prudencia alitazama jua la mwezi wa pili akasema, "Hawa ni watu wa baridi. Wataungua." Akanunua deli lake mwenyewe, akapanga viriba humo chini ya migomba, akavizungushia barafu asubuhi na jioni. Nilimsifu kabisa. Nani kati yetu aliwahi kumlea Mnorwei?

Gunvor alifika Jumamosi, mrefu, mweupe, mcheshi, amefuatana na Prudencia wa kumtafsiria. Mama Prudencia alimkumbatia, akampeleka moja kwa moja kwenye deli. Vichwa ishirini, vyote vimefumba. Gunvor alisema kitu kwa upole.

"Anasema ni mazuri sana hata hivyo," Prudencia akatafsiri.

Lile *hata hivyo* lilimwingia mama yake kama mwiba wa samaki. Mbaya zaidi, alikuwa amewaalika akina mama wote wa jumuiya kuja Jumapili baada ya misa kuona maua ya mkwe.

Asubuhi ya Jumapili nilimkuta anaongeza barafu, macho mekundu. Mgeni naye alikuwa amewekwa kwenye chumba chenye giza kuliko vyote, pazia limefungwa, feni inamvumia usoni, asije akaungua.

"Yuko wapi mkwe wako?" nikauliza.

Hakuwemo chumbani. Tulimkuta nyuma ya nyumba, katikati ya uwanja, kwenye kiti alichokikokota mwenyewe. Viatu amevua, sketi ameipandisha magotini, uso ameuelekeza juani na macho kayafumba, anatabasamu kama mtu aliyelipwa deni.

"Mungu wangu, atakufa!" Mama Prudencia akakimbilia kanga ya kumfunika.

Prudencia akacheka. "Mwache, mama. Miezi minne hajaliona jua sawasawa. Wote kule ndivyo walivyo, baridi ikiisha hawakai ndani."

Mama Prudencia alisimama na kanga yake mkononi. Akamtazama mgeni. Akatazama deli.

"Bernadeta," akasema polepole, "hivi sisi tunawagandisha?"

Nilishainama kunyanyua viriba. Tukavitoa vyote, barafu ikamwagwa kwenye migomba. Gunvor akafumbua macho, akaelewa bila mkalimani, akaja kutusaidia na miguu yake peku. Tulivipanga juani pembeni ya kiti chake, kisha tukakaa. Wanne tunatazama vitunguu, na misa ilitupita wote.

Kufikia saa nne rangi ilikuwa imeanza kupenya kwenye kijani. Akina mama wa jumuiya walipofika saa saba, wakiimba, la kwanza lilikuwa limefunguka, jekundu, fupi, pana kama kikombe. Kufikia saa nane yalikuwa saba.

"Ulifanyaje, Mama Prudencia?" wakauliza.

Niliziba mdomo nisicheke. Nilijua maelezo yatakayofuata yangechukua nusu saa, na barafu isingetajwa.

Lakini yeye alimshika Gunvor mkono, akamvuta hadi mbele ya wote.

"Nusura niyaharibu," akasema. "Huyu ndiye aliyenifundisha. Prudencia, mtafsirie neno kwa neno. Mwambie na mwakani alete mengine, nimeshajua kuyalea."