Kufuli la Ukweni

Ukweni, mtu hata akikohoa hukohoa kwa adabu. Ndiyo maana fundi, aliyekuwa na kufuli jekundu kwenye mfuko wa vifaa, lile la kubana swichi ya umeme ili mtu asiiwashe wakati wewe umeingiza mikono ndani ya mashine, alilitazama, akalirudisha, akamgeukia mama mkwe wake na kutabasamu kama mjinga.

"Mama, nimezima hapa. Naomba tu isiguswe mpaka nishuke."

"Nani aiguse, mwanangu? Niko peke yangu na mboga zangu."

Kwa wateja wengine hakuwa na masihara. Alikuwa akifunga, ufunguo anautia mfuko wa shati, na mwenye nyumba akinuna, anune. Lakini kumfungia mama mkwe swichi jikoni kwake, mbele ya macho yake? Ingekuwa sawa na kumwambia kwamba hamwamini. Akaona haya, akatoka kwenda kwenye ngazi.

Mashine yenyewe ilikuwa ya kupasha nyumba joto. Boksi lake la nje lilining'inia ukutani ghorofani, kando ya dirisha la chumba cha kulala, na tangu baridi ianze lilikuwa na ugonjwa: linanguruma kidogo, swichi inaruka, nyumba nzima inapoa. Wenyewe wakazoea. Kila apitaye jikoni akikuta swichi imelala, huisimamisha kwa kidole bila hata kuitazama, kama mtu anavyofukuza nzi. Mazoea yana taabu, wamesema wenye kusema, na katika nyumba ile hata wageni walikuwa wameshafundishwa mazoea hayo.

Fundi aliufunga mguu wa ngazi kwenye nguzo, akajifunga mkanda, akapanda mpaka boksi likawa mkabala na kifua chake. Kifuniko kilipotoka alipima nyaya kwa testa, taa yake haikuwaka. Akasubiri umeme uliobaki ndani uishe, maana mashine hizi huuma hata zikiwa zimezimwa, akapima tena. Salama. Na ugonjwa ukajionyesha wenyewe: waya uliotoka ndani ya nyumba ulikuwa umesuguliwa na ukingo wa bati mpaka shaba ikachungulia.

"Kumbe ni wewe, mshenzi," akauambia.

Akazichomoa nyaya, akazishika kwa mkono wa kushoto, ncha zake tupu zikitokeza juu ya vidole, kiwiko kimeegemea bati. Mkono wa kulia ulikuwa na koleo, tayari kukata kipande kibovu.

Ndani ya chumba, mashine ya ukutani, mwenzake wa boksi lile la nje, ikalia: pii.

Mlio mdogo tu, wa kujulisha kwamba umeme umerudi. Umeme ule hupita kwanza kwenye mashine ya ndani, ndipo utoke nje kwa waya, na waya wenyewe ndio huu aliokuwa ameushika.

Koleo likasimama hewani. Kijasho chembamba kikamtoka katika baridi ile. Aliogopa, akaogopa kwelikweli, kwa sababu kazi hii aliijua. Kati ya kidole chake na shaba palikuwa na ganda jembamba la plastiki lililokwaruzika. Swichi ya jikoni hulinda nyaya zisiungue, mtu haimjali. Akiziachia, zingeweza kumrukia kifuani. Akamkumbuka mkewe, aliyemwambia asubuhi, "Nenda kawatazamie wazee wangu, wanaganda kwa baridi."

Kisha akasikia hatua chumbani.

"Mwanangu!" Sauti ya mama mkwe ilikuwa na furaha ya mtu aliyetenda wema. "Kilikuwa kimezima tena kile kidude. Nimekuwashia!"

Komeo la dirisha likalia. Dirisha lile lilifunguka kwa nje, na likifunguka lingekuja moja kwa moja kwenye mkono wake wa kushoto.

Tangu aoe, hakuwahi kumpandishia mama huyu sauti. Siku alipomtilia chumvi badala ya sukari kwenye chai, alijikaza kisabuni, akanywa yote na kushukuru. Sasa akajaza kifua.

"Usifungue! Toa mkono hapo! Rudi jikoni ukazime, upesi!"

Dirisha lilikuwa limeshaachia upenyo wa kidole kimoja, na kwenye upenyo huo aliona jicho limemtumbulia. Jicho likashuka kwenye nyaya, likapanda usoni mwake, likatoweka. Kandambili zikateremka ngazi za ndani mbio.

Akasubiri. Akavisihi vidole visilegee, kwa kunong'ona kama mtu anayebembeleza watoto. Bega liliwaka moto. Jiko lile lilikuwa wapi, ng'ambo ya dunia? Kitu kikaanguka huko chini kwa kishindo, kisha sauti ikaja, pumzi zimekatika: "Nimezima! Nimezima, baba!"

Hata hivyo hakuamini. Taratibu aliweka koleo, akachomoa testa, akagusa ncha. Taa haikuwaka. Ndipo alipoziachia nyaya, akaikumbatia ngazi, akalia kidogo.

Aliposhuka alimkuta mama mkwe amesimama mbele ya swichi, sufuria imepinduka, mboga zimetapakaa sakafuni.

"Nisamehe, Mama. Nimekupigia kelele."

"Wewe ndiye unayeniomba radhi?" Akaiinua sufuria. "Mkono ulikwenda wenyewe. Nilikuwa nafuata chumvi, nikakiona kimelala."

Fundi akatoa kufuli jekundu, akaeleza kazi yake huku akitazama chini. Mama alilipokea, akaligeuza mkononi.

"Ulikuwa nalo tangu mwanzo?"

"Nilikuwa nalo."

"Na hukulifunga?"

"Niliona haya. Nikufungie kitu nyumbani kwako?"

"Basi ningemwambia nini binti yangu? Kwamba mumewe amekufa kwa adabu?"

Akalibana kufuli kwenye swichi kwa mkono wake mwenyewe, akachomoa ufunguo, akautia kwenye mfuko wa shati la mkwewe na kuupigapiga ili ukae. "Haya, panda."

Fundi alikuwa juu, anakaza skrubu ya mwisho, aliposikia kikohozi cha baba mkwe akirudi na kuingia jikoni. Bila shaka kidole cha mzee kilikuwa kimekwenda kulekule kwenye swichi.

"Nani amekuja kunifungia vitu nyumbani kwangu?" mzee akang'aka.

Fundi akapeleka mkono kwenye mfuko wa shati, akaushika ufunguo.

"Mimi," mama mkwe akajibu. "Una neno?"